Mahindi Nyuma ya Kufuli

Wengi wakisikia neno likizo hukumbuka kucheza, safari ya kwa bibi na usingizi wa asubuhi. Mimi nikilisikia, tumbo linanguruma. Usicheke, ndugu msomaji. Kwetu Geita likizo ilikuwa na maana moja tu: sufuria la shule limepinduliwa.

Shule yetu, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa machimbo madogo. Saa nne tulikunywa uji, saa saba tulikula makande. Chakula hicho hakikutoka serikalini. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ada na michango mingi ilifutwa, lakini tumbo la mwanafunzi wa kutwa lilibaki mzigo wa mzazi. Kamati ya shule ikapanga: kila mtoto debe la mahindi kwa muhula, pamoja na maharage. Mama yangu alitoa debe letu tukabaki na kidogo sana ndani. "Acha," alisema, "huko shuleni utakula kwa uhakika."

Rafiki yangu wa dawati moja alileta nusu debe. Mama yake alikuwa mjane, anauza vitumbua barabarani. Mpishi alimhurumia, akawa anampakulia kama sisi.

Basi Jumanne ya tarehe 17 Machi 2020 ikaja. Waziri Mkuu akatangaza kufunga shule kwa siku 30 kwa sababu ya korona. Tukashangilia, tukatupa madaftari juu. Nani angejua kwamba siku 30 zingevuka miezi mitatu?

Wiki ya tatu mama alifunga kanga vizuri akaenda shuleni. Nilimfuata. Stoo ilikuwa palepale, kufuli limening'inia, na kupitia dirisha la nondo niliyaona magunia. Yetu. Mama akamsalimu mwalimu kwa heshima zote, kisha akauliza kama wazazi wangeweza kugawiwa angalau kidogo.

"Mama, mahindi haya ni ya wanafunzi," mwalimu akajibu. "Na wanafunzi kwa sasa hawapo."

"Huyu hapa," mama akasema, akinionyesha.

Mwalimu akaangalia chini. "Mimi sina waraka, mama."

Sikumchukia, wala leo simchukii. Angefungua stoo, kesho angeulizwa mahindi yako wapi. Lakini tulirudi nyumbani kimya, njia nzima.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Jioni moja rafiki yangu alipita kwetu. Tulikuwa tumekaa na sahani moja ya michembe ya kuchemsha, mimi, mama na wadogo zangu wawili. Nilimwona kwa mbali anakuja. Nikaifunika sahani kwa ungo. Akakaa, tukapiga soga za mpira, akaondoka. Nadhani aliiona. Mama hakusema neno, ila usiku ule michembe haikumalizika.

Siku chache baadaye nilisikia yuko karasha anabeba mawe, halafu akahamia kwenye kuosha marudio, mikono ndani ya zebaki. Si jambo geni kwetu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ndefu juu ya watoto wanaochimba dhahabu Tanzania, na Geita imo. Huko machimboni kulikuwa na kitu kimoja ambacho shule iliyofungwa haikuwa nacho: mama lishe aliyekubali kukopesha ugali.

Tarehe 29 Juni shule zilifunguliwa. Stoo nayo ikafunguliwa. Dumuzi walikuwa wamekula kabla yetu, magunia yanamwaga vumbi. Tulipepeta, tukapika yaliyobaki. Dawati langu nikakaa peke yangu hadi mtihani wa darasa la saba.

Mwaka 2021 serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni. Ni hatua, naipongeza. Lakini mchango bado unaanzia kwa mzazi, na kengele ya mwisho wa muhula ikilia sufuria linapoa. Desemba ndiyo mbaya zaidi, maana mahindi yako shambani, mabichi. TASAF haijui likizo, kweli, inalipa kaya maskini hata shule zikifungwa. Ila sisi hatukuwa kwenye daftari lao, na tulikuwa wengi.

Nimesoma kwamba hata Marekani jambo hili lina kesi. Mwaka 2024 serikali yao kuu ilianza mpango wa kudumu wa dola 120 za chakula kwa kila mtoto wa kaya yenye kipato kidogo, kwa miezi ya likizo ya kiangazi. Majimbo 13 hayakujiunga. Nikamkumbuka mwalimu wetu. Kumbe duniani kote kuna mtoto anayesubiri mkubwa fulani atie saini.

Mimi siombi dola. Naomba mstari mmoja kwenye waraka: shule ikifungwa, mahindi yaliyobaki yagawiwe watoto, majina yakisomwa kwenye daftari la mahudhurio. Na asiye na kitu aongezewe na halmashauri.

Mwaka jana nilikutana na rafiki yangu stendi. Amekuwa mtu mzima, kifua kipana, anakohoa. Tukacheka, akaninunulia soda. Wakati wa kuagana akaniuliza, "Vipi, pale shuleni bado wanapika makande?"

Nikamwambia bado.

"Hata likizo?"