Mahitaji ya Msomaji: Kumbukumbu za Kazi ya Uhariri Dar es Salaam

Mahitaji ya vitabu, kwa maana inayotumika katika biashara ya uchapishaji, hayapimwi kwa idadi ya watu wanaopenda kusoma, bali kwa idadi ya nakala ambazo watu wako tayari kuzilipia, kwa bei wanayoimudu na mahali wanapoweza kuzipata. Ndiyo maana nchi inaweza kuwa na wasomaji wengi na bado mahitaji yake yakahesabiwa kuwa madogo, na hali hiyo ndiyo iliyoikabili tasnia ya vitabu ya Tanzania kwa miaka mingi. Mwandishi wa tawasifu hii aliingia katika tasnia hiyo katikati ya miaka ya 1980, kwanza akiwa msoma prufu, yaani mtu anayepitia kurasa zilizokwisha kupangwa ili kuondoa makosa kabla ya kuchapwa, baadaye akawa mhariri wa miswada ya Kiswahili, na hatimaye msimamizi wa mauzo. Katika nafasi zote hizo swali lililomshughulisha lilikuwa moja, nalo ni nani hasa anayekitaka kitabu, na anakitaka kimfikie kwa njia gani.

Katika muongo ule jibu lilikuwa fupi, nalo halikumtaja msomaji. Aliyekitaka kitabu ni serikali. Kitabu cha kiada, yaani kile kinachofuata mtaala na kutumiwa darasani, kilisambazwa shuleni na shirika la umma la Elimu Supplies, na nyumba za uchapishaji, zikiwamo za umma kama Tanzania Publishing House iliyoanzishwa mwaka 1966, zilistawi au kudorora kwa kutegemea oda za aina hiyo. Uhaba wa fedha za kigeni ulifanya karatasi, wino na sahani za chapa kuwa bidhaa adimu, hata mswada uliokwisha kuhaririwa na kusomwa prufu uliweza kukaa kabatini kwa miaka, na mhariri alizoea kumwambia mwandishi kwamba kazi yake imekubaliwa bila kuthubutu kumtajia mwaka itakapotoka. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuuliza msomaji wa Tabora au wa Tandale anapenda nini, kwa kuwa chochote kilichotoka kiwandani kilikwisha. Na kwisha kwa nakala, ambako juujuu kulionekana kuwa ushahidi wa mahitaji, kulikuwa ushahidi wa uhaba tu.

Hata hivyo yalikuwapo mahitaji mengine yasiyopitia wizarani. Riwaya ya upelelezi ya Faraji Katalambulla, Simu ya Kifo, iliyotoka mwaka 1965, ilikwisha kuonyesha kwamba msomaji wa Kiswahili hununua kitabu kwa fedha yake mwenyewe ikiwa kisa kinamshika, na walipofuata Elvis Musiba na Ben Mtobwa, vitabu vyao viliuzwa kwenye meza za magazeti na vituo vya mabasi, vikapita mkono kwa mkono hadi majalada yakang'oka. Mtobwa alifikia hatua ya kuwa na nyumba yake ya uchapishaji, Heko, jambo linalostahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba mwandishi kujichapishia na kujiuzia ni uvumbuzi wa enzi ya simu. Wahariri wengi waliolelewa na fasihi ya vyuoni walivihesabu vitabu hivyo kuwa vya kupitisha muda. Lakini katika ofisi alimofanyia kazi mwandishi wa kurasa hizi, makarani, madereva na wapiga chapa walisoma nakala moja kwa zamu, wakabana ndani ya jalada kipande cha karatasi chenye orodha ya majina, ili ijulikane nani anafuata na nani amekikalia kitabu kupita siku zake. Orodha ile ilieleza mahitaji ya wasomaji vizuri kuliko taarifa yoyote ya mauzo iliyopelekwa kwa wakurugenzi.

Mabadiliko ya sera yalikuja mwaka 1991, wachapishaji binafsi walipoanza kuruhusiwa kuandaa vitabu vya kiada. Mwaka huohuo Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza Tanzania Publishing House, alianzisha Mkuki na Nyota, na Mradi wa Vitabu vya Watoto nao ukaanza, ukiwa na utaratibu wa kumhakikishia mchapishaji kwamba sehemu kubwa ya nakala za kitabu kilichokubaliwa itanunuliwa na kupelekwa shuleni. Nyumba nyingi, hata hivyo, zilijenga maisha yake juu ya kiada, na kwa hiyo zilitikisika kuanzia mwaka 2013 na 2014, wakati jukumu la kuandaa vitabu hivyo liliporudishwa serikalini chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo sasa huviweka pia katika maktaba mtandao ili mwanafunzi avisome bila malipo. Nchini Kenya mtikisiko ulikuwa wa namna nyingine: serikali ilianza mwaka 2018 kununua vitabu moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, na maduka ya vitabu, hasa ya miji midogo, yakapoteza mteja aliyekuwa akiyalipia kodi ya pango. Katika nchi zote mbili mchapishaji alijikuta, kwa mara ya kwanza, anamhitaji msomaji ambaye hakuwahi kumfahamu.

Njia iliyokuwapo ya kumfikia msomaji huyo ilikuwa duka, na duka lilifanya kazi kwa mali kauli, utaratibu ambao mwenye duka hupokea bidhaa bila kulipa, akaahidi kulipa atakapoiuza. Utaratibu huu una faida yake, kwa sababu humwezesha mwenye mtaji mdogo kupanga rafu zilizojaa, lakini humfanya mchapishaji awe mkopeshaji asiye na riba wala dhamana. Mwandishi wa tawasifu hii, alipohamishiwa mauzo, alikuta kadi za ghala zinazoonyesha vitabu vilivyotoka kwenda mikoani miaka kadhaa nyuma bila kurudi fedha wala nakala, na kila safari ya kudai iliishia kwenye rafu ileile yenye vitabu vilivyopauka kwa jua. Kibaya zaidi kuliko deni ni kwamba duka halikurudisha habari. Haikujulikana nani aliulizia kitabu akakikosa, nani alikishika, akatazama bei, akakirudisha.

Habari hiyo ililetwa na simu. Malipo kwa simu yalianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zikafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na katika muongo uliofuata simu janja za bei nafuu zikaenea hadi vijijini. Mchapishaji alipoanza kuandika namba ya WhatsApp nyuma ya jalada, msomaji wa Kahama au Masasi aliweza kuagiza nakala moja, akalipa papo hapo, nayo ikafungwa katika bahasha ya kaki yenye jina lake na namba yake ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nene, ikapelekwa stendi alfajiri na kukabidhiwa kwa kondakta. Kisha msomaji hutumiwa namba ya basi na saa litakapoingia, akaenda kuchukua mzigo wake mwenyewe. Mfumo huu haukubuniwa na wizara wala shirika lolote, lakini kwa maoni ya mwandishi huyu umefanya zaidi kwa usambazaji wa vitabu nchini kuliko mikutano mingi iliyoitishwa kwa jambo hilohilo.

Jumbe za wateja zikawa shule mpya ya mhariri. Swali la kwanza ni bei. La pili, ambalo kabla ya hapo halikuwapo, ni kama kuna nakala laini, yaani faili la kitabu linalofunguliwa kwenye simu au kompyuta bila karatasi. Na la tatu, linaloulizwa zaidi na watu wanaofanya kazi ya mikono, ni kama kitabu kimesomwa kwa sauti. Fundi cherehani aliyeuliza hivyo alieleza kwamba macho yake yako kwenye mshono mchana kutwa, na masikio yako huru. Mahitaji ya sauti si mageni kwa watu waliokua wakisikiliza michezo ya redio, isipokuwa sasa msikilizaji huchagua kisa na saa ya kukisikiliza. Vitabu vinavyoulizwa zaidi ni vya ujasiriamali, malezi, ndoa na dini, kisha vya watoto, ambavyo wazazi huvitaka katika karatasi hata wale ambao wao wenyewe husoma kwenye simu. Habari za dunia nazo huamsha mahitaji kwa kasi isiyojulikana zamani: Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, watu waliulizia vitabu vyake kwa Kiswahili siku hiyohiyo, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Kuhusu bei, msomaji ana hoja inayostahili kujibiwa kwa heshima. Huuliza kwa nini nakala laini itozwe fedha inayokaribia ya karatasi, ilhali hakuna karatasi, hakuna wino na hakuna basi. Jibu ni kwamba gharama za kitabu ni za aina mbili, yaani zile zinazoongezeka kwa kila nakala, kama karatasi na usafirishaji, na zile zinazolipwa mara moja hata kama itauzwa nakala moja tu, kama uhariri, upangaji wa kurasa, usomaji prufu na uchoraji wa jalada. Riwaya ya Kiswahili huchapwa mara nyingi nakala 1,000 hadi 3,000, na gharama za mara moja hugawanywa kwa nakala hizo chache. Nakala laini hufuta gharama za aina ya kwanza, haifuti za pili. Haki, kwa hiyo, ni bei iliyo chini kwa kiasi kinachoonekana, lakini si bure, na mchapishaji anayeng'ang'ania bei ya karatasi anamsukuma msomaji mikononi mwa mwizi.

Mwizi huyo naye amebadilika. Zamani aliyetaka kuiba kitabu alihitaji mashine ya chapa. Sasa anahitaji kidole. Mtu mmoja hununua faili kihalali, akalituma kwenye kundi la marafiki, na kundi la WhatsApp, lililoruhusiwa kuwa na watu 256 mwaka 2016, tangu mwaka 2022 huweza kuwa na watu 1,024, idadi inayolingana na chapa nzima ya kwanza ya diwani ya mashairi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, humlinda mwandishi, lakini wengi wanaosambaza mafaili hayo hawajioni kuwa wezi, bali huamini kwamba wanaeneza elimu. Mwandishi wa kurasa hizi hakubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa amelipa mirabaha, yaani sehemu ya mauzo inayomwendea mwandishi, na anajua kuna waandishi ambao malipo hayo ndiyo yaliyowalipia dawa.

Walioelewa mapema zaidi mahitaji mapya hawakuwa wachapishaji bali watunzi wa simulizi, yaani hadithi ndefu zinazotolewa kwa sehemu fupi fupi kwenye Facebook na WhatsApp. Mtunzi huweka sehemu kadhaa bila malipo, hukatiza pale kisa kinapopamba moto, na anayetaka zilizobaki hutuma shilingi 1,000 kwa simu, akaunganishwa kwenye kundi la waliolipa. Asili ya utaratibu huu ni hadithi za mfululizo za magazeti ya miaka ya 1990 na 2000, lakini mtunzi wa gazetini hakupata kuona nani ameacha kumsoma, na wa sasa huona usiku huohuo. Lugha ya simulizi nyingi haijapita kwa mhariri, na makosa ya tahajia ni mengi. Pamoja na hayo, wanaozisoma wamelipia fasihi ya Kiswahili kwa hiari, bila kulazimishwa na mtihani, na tasnia haina haki ya kuwadharau. Inachopaswa kufanya ni kuwapa watunzi hao wahariri.

Kuna vitabu, hata hivyo, ambavyo mahitaji ya aina hii hayatavibeba. Nagona na Mzingile, riwaya za Euphrase Kezilahabi zilizotoka mwaka 1990 na 1991, ni fupi kwa kurasa, lakini zinamtaka msomaji arudi nyuma, akae na sentensi, akubali kutoelewa kwa muda, na hakuna namna ya kuzikatiza pale kisa kinapopamba moto. Ushairi mwingi uko hivyo, na historia za miji na za vyama vya wafanyakazi ziko hivyo. Vitabu vya namna hii havijawahi kuishi kwa mauzo ya barabarani. Viliishi kwa orodha za vyuo na kwa maktaba, na maktaba za mikoa zilizojengwa baada ya Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, zina rafu nyingi ambazo hazijapokea kitabu kipya cha Kiswahili kwa muda mrefu. Utaratibu wa kununua kwa uhakika nakala kadhaa za kila kitabu kilichokubaliwa, uliotumiwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, unaweza kutumiwa kwa vitabu vya watu wazima pia, vya karatasi na vya nakala laini. Halmashauri zinazotenga fedha za madawati kila mwaka zitenge na fungu la vitabu visivyo vya kiada, zinunue kwa wachapishaji wa nchini, na zilipe kwa wakati.