Mama Mzee Si Mchawi wa Sinema

Ukiingia kibanda umiza cha huku kambini wakati wa filamu ya Kinaijeria, sikiliza watu pale mama mzee anapotokea. Hata hajafungua mdomo, watoto wanapiga kelele: "Mchawi huyo!" Na mara nyingi hawakosei. Atamtesa mkamwana, atakwenda kwa mganga, mwisho atakiri mbele ya kijiji kizima. Patience Ozokwor, yule tunayemwita Mama G, amecheza mama mkwe mbaya miaka mingi, na anacheza vizuri mpaka unasahau kwamba ni kazi.

Shida ni kwamba filamu ikiisha tunarudi nyumbani na macho yale yale. Nyanya yangu ana macho mekundu kwa moshi wa kuni. Anaishi peke yake. Alizaa watoto saba, vita ikamwachia mmoja tu, baba yangu. Mtoto wa jirani alipougua, watu walianza kumwita nyanya jina la kwenye filamu. Kwanza utani. Sasa anachota maji alfajiri, wengine wamelala. Sisi tuliotoka Kivu tunajua jina kama hilo linaweza kumfikisha mama mzee wapi.

Lakini sinema yenyewe inabadilika. Mwaka 2018 Kemi Adetiba alitoa King of Boys, na mhusika mkuu ni mama mtu mzima, Eniola Salami, anayechezwa na Sola Sobowale. Ni tajiri, mkali, wanaume wanamtetemekea. Si mtakatifu hata kidogo, ila ubaya wake una historia na sababu. Na hapa karibu, Zanzibar, Bi Kidude aliimba na kupiga ngoma hadi uzeeni kabisa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na mwaka uliofuata ikatoka filamu juu ya maisha yake. Uzee wake haukufichwa.

Ndugu zetu wa mashirika, katika filamu zenu za kuhamasisha mama mzee si mchawi, asanteni. Lakini kazi yake ni moja: kupokea blanketi. Nyanya yangu alikuwa mkunga kule Fizi. Mkija tena na kamera, mpeni nafasi aongee.

Na nyie vijana mnaotafsiri filamu kwa maiki, mnajua wenyewe: lile neno "mchawi" mara nyingi mnaliongeza nyie. Muigizaji hajalisema.