Mahari Yangu na Sindano ya Kinanda cha Baba



Leo sina habari ya hina wala ya mapazia. Mabibi harusi wawili watatu wameniuliza mahari yangu niliifanyia nini, nami kila mara nacheka na kubadilisha mazungumzo. Basi ukweli ni huu: sehemu ya mahari yangu imenunua sindano ya santuri. Kabla hujatikisa kichwa, kaa nikuhadithie.

Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, alisoma Cairo ujanani. Alirudi na sanduku moja la nguo na mawili ya sahani za santuri. Nyingi zilikuwa za kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, ambaye Misri ilitoa kisomo chake cha msahafu mzima kwenye sahani mwaka 1961. Baba hakuwa na seti kamili, lakini alizokuwa nazo alizitunza kama mayai. Kila siku baada ya sala ya alfajiri aliweka sahani moja, akakaa barazani na kahawa yake. Sauti ile ndiyo iliyotuamsha sisi watoto.

Alipofariki, kinanda kilikuja kwangu. Miezi ile ya msiba nilipiga Surat Yusuf usiku baada ya usiku, upande uleule, mpaka usingizi unichukue. Siku moja nikasikia sauti ya Sheikh imeanza kukwaruza, kila penye herufi ya "sin" panachirizika kama mafuta kwenye kikaango. Nikampelekea fundi wa redio. Akaitazama sindano kwa kioo cha kukuzia, akanirudishia polepole.

"Binti yangu, sindano hii haisomi tena. Inachonga."

Ncha ya almasi ilikuwa imelika, imefanya makali kama patasi. Kila nilipoiweka sahani kwa mapenzi, ilikuwa ikikata kuta za mfereji wenye sauti. Na kilichochongwa hakirudi. Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia matangani, kwa sababu safari hii mkono ulikuwa wangu.

Basi nilipoposwa, mahari yalipokubaliwa kuwa shilingi milioni 3, nilikuwa nimeshaweka nia: nitanunua iliyo bora kuliko zote, sahani za baba zisiguswe tena na kitu duni.

Kwa wasiojua, sindano haikai peke yake. Inabebwa na kichwa kidogo kilicho mwisho wa mkono wa kinanda, na kichwa hicho ndicho kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Viko vya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza, sindano inatikisa sumaku. Aina ya pili inatikisa koili nyembamba za waya, na hii ndiyo inayosifiwa sana na wenye masikio makali. Vya bei ya juu vinapita dola 1,000, na vingine vinapita mbali. Kaka yangu aliye Muscat alinitafutia kimoja. Bei yake ingekula mahari yote.

Mume wangu sikumwambia. Sikuwa nikimwogopa, na mahari ni haki ya mke. Suratun-Nisaa, aya ya 4, imelimaliza hilo. Niliona haya tu. Ningesemaje kuwa alichonipa kwa jasho lake nakigeuza sindano? Lakini nyumba yetu ni ya vyumba viwili, na simu ya Muscat haina siri. Alinisikia. Nikangoja aseme neno. Akanyamaza mpaka tukamaliza kula, kisha akasema, "Mke wangu, zilete sahani zote tuzihesabu."

Tukatandika mkeka, tukazipanga. Za LP, zile za vinaili, zilikuwa 14. Za 45 zilikuwa 9, taarab ya ujana wa mama. Chini kabisa ya sanduku zikatoka 6 nzito za bibi, za mzunguko wa 78, mbili zikiwa za Siti binti Saad, aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurikodi. (Najua wako miongoni mwetu wasiosikiliza taarab, na msimamo wao nauheshimu. Kwangu mimi ni amana ya bibi.)

Hapo ndipo nilipogundua kuwa nilikuwa nimechagua kichwa bila ya kutazama sahani. Mfereji wa sahani ya 78 ni mpana. Unataka ncha nene karibu mara nne ya ile ya LP. Kichwa changu cha ndoto kingewafaa Sheikh na mama, bibi asingepata kitu. Tena kichwa cha koili hutoa umeme mdogo sana, mara nyingi chini ya nusu milivolti, kwa hiyo kinataka kikuza sauti chake maalumu, gharama nyengine. Na ncha yake ikilika huivui mwenyewe. Unakirudisha kiwandani au kwa fundi bingwa, na hapa kisiwani sijamwona.

Kisha likaja suala la kufu. Ndiyo, kufu, kama tunavyosema kwenye ndoa! Mkono mzito unataka kichwa chenye sindano ngumu, mkono mwepesi unataka laini zaidi. Denon DL-103 ya Japani, iliyotokea miaka ya sitini kwa kazi ya redio, inapendwa mpaka leo, lakini inataka mkono mzito. Mkono wa kinanda cha baba ni mwepesi. Vitu viwili vizuri, kila kimoja na sifa zake, ukivioza kwa nguvu vinagombana na sahani ndiyo inayoumia.

Mwisho tukachagua pamoja kichwa cha sumaku, Audio-Technica aina ya VM95, kwa sababu mwili wake ni mmoja na sindano zake zinachomolewa kwa vidole. Nikanunua mbili: ya LP yenye ncha ya mikrolinea, ambayo kiwanda kinaikadiria saa 1,000 wakati ncha ya kawaida ya duaradufu ni saa 300, na ile nene ya sahani za 78. Nikaongeza mizani ndogo ya kupimia uzito wa sindano, maana ya LP inataka gramu 2, isizidi wala isipungue sana. Mahari yangu mengi yamebaki, alhamdulillah.

Sahani nazo tuliziosha, maana unyevu wetu huu huleta ukungu. Za vinaili tulitumia maji yaliyosafishwa na kitambaa laini. Za bibi hazikuguswa na spiriti hata tone, kwa sababu zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha.

Alfajiri ya kwanza niliweka Surat Yusuf. Ncha mpya inagusa sehemu ya ukuta ambayo ile ya zamani haikuifikia vizuri, kwa hiyo mkwaruzo umepungua. Haujaisha. Pale nilipopiga sana panasikika bado, na nitapasikia maisha yangu yote. Mume wangu alikaa barazani na kahawa, hakusema kitu. Nikakaa pembeni yake.

Bibi harusi unayenisoma, mahari ni yako na hakuna wa kukupangia. Lakini kabla ya kuuliza bei, uliza kufu: kitu hiki kinakwenda kuishi na nini, na kitamhudumia nani. Mshirikishe mwenzio mapema, usimwachie asikie kupitia ukutani. Na chochote unachokipenda, kiangalie kama hakilii chini ya mkono wako.

Allah awarehemu wazee wetu, azitie baraka nyumba zetu na atujaalie macho ya kuona tunachokiharibu kabla hakijaharibika. Amin.