Nyama Iliyokwama

Najua niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, na wengine mmeniandikia baruapepe kuuliza limeishia wapi. Nilikuwa nyumbani Silibwet, kwenye mazishi ya kogo, yaani nyanya yangu aliyenilea. Kwa hiyo leo hakuna msimbo. Nina jambo limekaa kichwani, nalo limekaribiana na kazi yetu kuliko nilivyodhani.

Kwa wasiopajua, Silibwet ni kituo cha biashara katika kaunti ya Bomet, huku kwenye majani chai, si mbali na Hospitali ya Tenwek. Kwetu saratani ya umio si habari ya kusoma gazetini. Umio ni ule mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Sehemu hii ya Kenya ni mojawapo ya zile ambako ugonjwa huu huonekana sana, hata kwa vijana wasiofika miaka 30. Kogo alianza kwa kukwamwa na ugali. Baadaye wali, kisha viazi. Alipokubali kupelekwa hospitali alikuwa anameza chai tu, tena kidogokidogo, na ugonjwa ulikuwa umeenda mbali. Kupasuliwa hakukufaa tena.

Akatiwa stenti. Hospitali gani, hilo halina uzito hapa. Stenti ni mrija wa wavu wa chuma. Hukunjwa ukawa mwembamba, ukapitishwa mdomoni juu ya waya mpaka penye uvimbe, halafu ukaachiliwa. Hapo hutanuka wenyewe na kuusukuma uvimbe kando. Hauponyi saratani. Unafungua njia tu, mtu ale, anywe, ameze mate yake mwenyewe.

Nilirudi Nairobi nikaanza kusoma, si mnanijua. Kumbe ni ukoo mzima wa matibabu: daktari anafanya kazi ndani ya mwili bila kuupasua wazi, akiongozwa na picha. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alionyesha jinsi ya kuingiza mrija kwenye mshipa wa damu kwa kutanguliza waya. Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Marekani, Charles Dotter alipanua mshipa wa mguu wa mama wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu, na mguu ukapona. Leo fani hiyo inafundishwa hata Dar es Salaam, Muhimbili.

Stenti ya umio, kwingi duniani, huwekwa chini ya eksirei inayoonyesha picha wakati wote kama sinema. Mashine hiyo ni ghali. Mwaka 2001 madaktari wa Tenwek walichapisha makala ya kueleza jinsi ya kuiweka bila eksirei hiyo, kwa kutumia ile kamera ya kuingizwa kooni. Nilifurahi sana kuisoma. Ni kama mtu aliyeandika programu ikakimbia vizuri kwenye kompyuta ya zamani ambayo wengine wangeitupa.

Lakini kilichonishika zaidi ni sehemu ya matatizo. Sisi waandishi wa programu hitilafu ikitokea tunaona aibu, tunajifanya haikutarajiwa. Madaktari wa fani hii wanaanza nayo. Kabla hawajagusa mgonjwa wanajua nini kinaweza kuharibika, kitaonekanaje, na watafanya nini. Kwa stenti ya umio orodha ni fupi, hata mtu wa kawaida anaweza kuishika:

Umio kutoboka. Dalili ni maumivu makali ya kifua au shingo, homa, na pengine ngozi ya shingo kutoa mlio kama wa karatasi ukiibonyeza, kwa sababu hewa imevujia chini yake. Hapo mgonjwa hali wala hanywi kitu, anapewa maji ya mshipa na dawa za kuua bakteria, na tundu huzibwa, mara nyingine kwa stenti iliyovikwa utando.

Kutoka damu. Anatapika damu au choo kinakuwa cheusi kama lami. Ni kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Kubana njia ya hewa. Uvimbe ukisukumwa unaweza kuegemea koo la pumzi. Mgonjwa akianza kuvuta pumzi kwa mlio, hakuna kusubiri asubuhi.

Stenti kuhama. Inateleza, hasa ikiwa imewekwa chini karibu na tumbo. Kumeza kunakuwa kugumu tena. Itabidi isogezwe, itolewe au iwekwe nyingine.

Uvimbe kuota juu ya ncha za stenti. Huu huja polepole, wiki baada ya wiki. Mara nyingi dawa yake ni stenti ya pili.

Chakula kukwama. Huu huja ghafla. Dakika hii anakula, dakika inayofuata hata mate hayapiti.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Miezi miwili baada ya stenti kulikuwa na sherehe ya mahari ya binamu yangu. Kogo alikuwa amenenepa kidogo, anacheka. Akaletewa nyama choma, naye hakukataa. Nani angemkatalia mama mwenye boma? Usiku ule akaanza kutema mate kwenye kikombe. Watu wakatazamana. Wakasema ugonjwa umerudi, tumwache apumzike, ni mapenzi ya Mungu. Zikapita siku mbili. Wazee wakaanza kuzungumzia mahali pa kaburi.

Mimi nilipigiwa simu siku ya pili jioni. Ilikuwa ni kunitayarisha tu. Sijui kilichonifanya niulize, labda ni mazoea ya kazini, kwa sababu mteja akisema "haifanyi kazi" swali la kwanza ni "tangu lini, na ulikuwa unafanya nini?"

"Shangazi, ilianza polepole au ghafla?"

Akanyamaza kidogo. "Ghafla. Alikuwa anakula nyama."

"Ana homa? Maumivu ya kifua? Damu?"

"Hapana. Ni mate tu hayapiti."

Nikamwomba atafute karatasi ya hospitali. Ilikuwa ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne. Hospitali ilikuwa imetuandikia yote: atafune sana, anywe maji akila, asile nyama ya vipande, na chakula kikikwama arudi upesi. Iliandikwa Kiingereza. Kogo hakusoma Kiingereza. Mimi niliisoma siku aliyotoka, nikasema "sawa", nikapanda gari la Nairobi. Katika ukoo mzima mimi ndiye mwenye digrii, na sikumweleza mtu hata mmoja.

Walimpeleka alfajiri. Daktari akaingiza kamera, akakuta pande la nyama limeziba stenti, akaliondoa. Stenti yenyewe ilikuwa mahali pake. Jioni kogo akanywa chai, vikombe viwili, akauliza kwa nini watu wote wamekuja bila kualikwa.

Chama cha madaktari wa fani hii cha Marekani kiliwahi kupanga matatizo kwa herufi. Katika mpango wake wa mwaka 2003, A ni lile lisilohitaji matibabu wala kuacha athari, na F ni kifo. Mnaona, ni kama viwango vyetu vya kumbukumbu za seva, kutoka onyo hadi mfumo kuanguka. Nikilitazama la kogo, lilikuwa tatizo dogo, la kuondolewa kwa kamera na mtu akarudi nyumbani. Sisi tulikuwa tunaligeuza F kwa kukaa kimya. Nyama haikuwa hatari kama ile siku mbili za kutotambua.

Wikendi iliyofuata nilikwenda nyumbani na karatasi mpya. Dalili sita, kila moja na la kufanya, kwa Kipsigis na Kiswahili, kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya simu ya mwenye Probox. Nikaibandika ukutani jikoni, kando ya kibuyu cha mursik. Ni mistari michache tu, lakini hakuna programu niliyowahi kuandika iliyosomwa sana kama ile. Kogo aliishi miezi saba zaidi, akila uji, viazi vya kuponda na mayai. Uvimbe ulipoota juu ya stenti, shangazi ndiye aliyetambua, akasema "hii ni ile ya polepole", wakaenda kabla hajakosa maji.

Alifariki mwezi uliopita, kwa ugonjwa wenyewe, nyumbani. Karatasi bado iko ukutani, sikuweza kuibandua.

Kama nyumbani kwenu yuko mtu mwenye stenti, tafuteni ile karatasi leo. Isomeni kwa sauti, kwa lugha ya anayepika.

Haya, niishie hapo. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.