Nota Iliyosahauliwa

Kipimo ni rafiki wa kazi njema. Seremala hupima ubao kabla ya kukata, mshoni hupima mwili kabla ya kitambaa, na mshairi huhesabu mizani kabla ya kuzitoa beti zake hadharani. Kwa miaka mingi nimefundisha ushairi wa Kiswahili, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa mlinzi mkali wa hesabu. Mshororo wa shairi letu lililo mashuhuri una mizani 16, nane kwa nane. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Ikipungua moja, shairi ni guni, na guni halisifiwi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofundisha. Sikudhani kwamba siku moja sahani ya santuri ya dansi, iliyopigwa Uingereza na watu wasiojua mashairi yetu, ingenifanya niyasikilize mambo niliyokuwa nikiyahesabu tu.

Sahani hiyo huitwa Blue Monday, yaani Jumatatu ya Majonzi. Bendi iliyoipiga ni New Order ya Manchester, na kampuni iliyoitoa ni Factory ya mji huo huo. Ilitolewa tarehe 7 Machi 1983, siku ambayo nayo ilikuwa Jumatatu. Mimi niliisikia miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari London, nikisoma miswada ya tenzi za kale iliyohifadhiwa katika maktaba ya SOAS. Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa akiipiga kila Ijumaa jioni. Ukuta ulikuwa mwembamba. Sauti za juu zilibaki kwake, ngoma zikaja kwangu. Jioni moja nilikuwa na nakala ya utenzi mezani, kidole changu kikihesabu mizani, mara nikaona kidole kimeuacha utenzi kikaifuata ngoma. Nilichukia. Nilikwenda kugonga mlango wake nikalalamika. Naye, badala ya kugombana, alinikaribisha ndani akanipa jalada la sahani ile nilitazame.

Jalada lilikuwa jeusi, lenye matundu yaliyokatwa, mfano wa disketi za kompyuta za zama zile. Jina la bendi halikuandikwa, wala jina la wimbo. Ukingoni palikuwa na vipande vya rangi tu. Jirani alinieleza kwamba rangi zile ni herufi, na kwamba ufunguo wa kuzisoma ulichapwa nyuma ya jalada la sahani nyingine ya bendi hiyo, Power, Corruption & Lies, iliyotoka Mei mwaka ule ule. Mchoraji wake ni Peter Saville. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijapata kuona bidhaa iliyoitii methali hii kuliko ile. Ilikuwa sahani ya inchi 12, yenye wimbo unaokwenda kwa dakika saba na nusu, mrefu kupita desturi ya redio. Hata hivyo ilinunuliwa mno, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imefika nafasi ya 9 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa Uingereza.

Bendi hiyo ilizaliwa na msiba. Kwanza iliitwa Joy Division, na mwimbaji wake na mtunzi wa maneno yake alikuwa kijana Ian Curtis. Alijitoa uhai Jumapili tarehe 18 Mei 1980, akiwa na umri wa miaka 23, siku moja kabla ya safari yao ya kwanza ya kwenda kupiga muziki Marekani. Wenziwe watatu, Bernard Sumner, Peter Hook na Stephen Morris, walipoteza rafiki, wakapoteza na sauti. Waliliacha jina la zamani, wakajiita New Order, akajiunga nao Gillian Gilbert. Kwetu mfiwa hukaliwa matanga, na siku ya kuondoa matanga ikifika hujua kwamba watu wamempa ruhusa ya kurudi katika kazi na kicheko. Sijui kama vijana wale walikuwa na wa kuwaondolea tanga. Najua kwamba walijifunza mitambo mipya, na kwamba baada ya miaka mitatu kasoro walitoa wimbo wa kuchezwa.

Sisemi kwamba wimbo huo ni maombolezo. Wenyewe wamesimulia kwamba walitaka kipande ambacho mashine zingeweza kukipiga peke yake, ili watazamaji wanaodai nyongeza waipate, nao wapate kushuka jukwaani. Ngoma zake zilitoka katika mashine iitwayo Oberheim DMX, na chombo kilichopanga nota za vinanda vya umeme Sumner alikiunga mwenyewe kutoka katika vipande. Lakini juu ya mashindo hayo yasiyochoka mwimbaji hutamka maneno yake kwa ubaridi, kama mtu aliyekwisha lia akabakiwa na maswali. Miguu hucheza na moyo hausahau. Nilipousikia wimbo mzima chumbani mwa jirani, bila ukuta kati yetu, nilisahau malalamiko niliyokwenda nayo.

Miaka ilipita nikarudi nyumbani kufundisha. Jioni moja, rundo la kazi za wanafunzi likiwa mbele yangu, nilipumzika kidogo nikasoma maneno ya Gilbert aliyoyasimulia mwaka 2013. Kazi yake katika studio ilikuwa kuingiza wimbo wote katika mtambo, nota baada ya nota, kwa mkono. Aliandika mfuatano wake juu ya karatasi nyingi zilizogundishwa pamoja, zikawa ndefu kama urefu wa chumba. Katika kuziingiza alisahau nota moja. Basi sauti ya kinanda ikateleza, isilingane sawasawa na ngoma. Kosa hilo waliliacha, nalo limo katika sahani hadi leo. Mamilioni ya watu wameucheza wimbo ulio guni, wala hawakujikwaa.

Juu ya rundo lile palikuwa na shairi la kijana mmoja la kumlilia mama yake. Mishororo yote ilitimia mizani 16 isipokuwa mmoja wa ubeti wa mwisho, uliokuwa na 15. Nilikuwa nimekwisha andika guni kwa wino mwekundu nikampunguzia alama. Asubuhi nilimwita ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mshororo huu umepungua mizani moja. Uliuhesabu?"

"Niliuhesabu, Mwalimu, zaidi ya mara moja. Kila neno nililotia hapo lilinifanya niseme jambo ambalo mama hakuwa."

Nilimwomba ausome ubeti kwa sauti. Alisoma. Pale mizani ilipopungua alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Methali yasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Nami niliyekuwa wa mbali nilikuwa nimeingia na kalamu nyekundu kabla ya kumsikiliza mwenye kilio. Nilimtaka radhi. Neno guni sikulifuta, kwa kuwa ni kweli. Alama nilimrudishia, kwa kuwa aliijua sheria, akaipima na ukweli wake, akachagua.

Msomaji asidhani kwamba tangu siku ile nimekuwa rafiki wa kila upungufu. Sahani ile ile ina fundisho la pili, nalo ni chungu. Yasimuliwa kwamba jalada lake lenye matundu liligharimu mno hata kampuni ikapata hasara katika kila nakala ya kwanza iliyouzwa. Kiasi cha hasara hutajwa kila mtu kwa namna yake, na baadaye jalada lilichapwa bila matundu. Factory iligawana faida na wasanii nusu kwa nusu, na haikupenda mikataba. Hayo yalikuwa maungwana. Lakini fedha ya bendi na ya kampuni ilimiminwa pia katika ukumbi wa dansi wa Haçienda, uliofunguliwa Manchester mwaka 1982, nao uliila kwa miaka mingi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Factory ilifilisika mwaka 1992, na ukumbi ulifungwa mwaka 1997.

Basi katika jambo moja mna upungufu wa namna mbili. Nota ya Gilbert ilipungua, ikasikilizwa, ikapimwa kwa masikio, ikaachwa kwa hiari. Fedha ya Factory ilipungua, wala hapakuwa na mtu wa kuisikiliza ikipungua. Wa kwanza uliupa wimbo uhai. Wa pili uliua kampuni. Kwa hiyo sikuitupa mizani. Anayeitupa hana namna ya kujua kwamba amepungukiwa, na asiyejua hawezi kuchagua. Mwanafunzi wangu aliweza kukiacha kimya kile mahali pake kwa sababu alikuwa amehesabu.

Nafundisha bado mizani 16, nane kwa nane, na wino wangu mwekundu haujakauka. Lakini nikikuta mshororo uliopungua sasa huiweka kalamu chini kwanza, nikausoma kwa sauti. Mara nyingi nasikia uvivu, nami humwambia mwenyewe arudie kazi. Mara chache nasikia mtu. Hapo humwita, nikamwuliza.