Shajara ya Paani: Malindi, Machi 2025

Jumatatu, 17 Machi

Mawingu yametawanyika mapema. Kwa kutazama vifusi vya angani vya mzingo wa chini nafasi yetu ni finyu, maana jua la ikweta halizami kimshazari, linaporomoka wima. Saa kumi na mbili na nusu limeshatua. Ikifika saa moja na robo giza limekolea hapa chini, lakini kilomita 800 juu yetu bado ni mchana, na chochote kinachopita kule kinamulikwa. Saa mbili na dakika ishirini hivi kivuli cha dunia kinafika utosini, basi vyote vya kimo hicho vinazimika. Kwa hiyo kazi yote iko kati ya futari na tarawehe, na mwezi unachomoza baadaye kabisa, usisumbue.

Leo imepita hatua ya pili ya roketi ya Zenit, ya zama za Kisovieti: chuma kitupu cha tani kama 9, urefu mita 11 hivi. Mwanga wake ulipanda na kushuka, kwa kuwa kinabingirika.

"Mjomba, mbona kinakonyeza?" mpwa wangu akauliza. Nikamwambia kila kikigeuza ubavu mpana kwenye jua kinawaka, kikigeuza ncha kinafifia, na kwamba ukichora mpando na mshuko huo kwenye karatasi unapata mwendo wa kubingirika kwake bila kukigusa. Jambo hili lina faida. Atakayetumwa siku moja kwenda kukikamata na kukishusha lazima ajue kwanza kinazungukaje.

Kitu kama hicho kikiwa utosini hukata nusu digrii kwa sekunde, upana wa mwezi mpevu. Kinakwenda kilomita 7.5 kila sekunde, kwa hiyo saa ya kamera ikikosea sehemu moja ya mia ya sekunde, kitu umekikosa kwa mita 75. Ndiyo maana nimeifunga kamera kwenye saa ya GPS. Picha isiyo na wakati sahihi ni pambo tu.

Bibi mwenye nyumba alipanda kutuletea kahawa, akauliza kama nacho kitatuangukia, kama kile cha Makueni. Swali la haki. Tarehe 30 Desemba pete ya chuma ya kilo 500, kipenyo mita 2.5, ilidondoka kijijini Mukuku mchana kweupe. Mungu aliepusha, haikumpiga mtu. Nikamwambia, "Hapana, mama, hiki hakishuki leo wala kesho." Hewa ya kimo kile ni nyembamba mno, kitazunguka karne na karne. Sikumwambia kwamba hilo ndilo linaloniogopesha. Tarehe 10 Februari 2009, karibu kilomita 790 juu ya Siberia, setilaiti mfu ya Kirusi, Kosmos 2251, iligongana na Iridium 33 iliyokuwa kazini. Vilizaliwa vipande zaidi ya 2,000 vya kuweza kufuatiliwa. Wanasayansi Donald Kessler na Burton Cour-Palais walionya mwaka 1978 kwamba vifusi vitazaa vifusi, na miaka 31 baadaye mfano ukawa mbele ya macho ya wote.

Leo setilaiti Vanguard 1 imetimiza miaka 67 angani. Tufe la kilo moja na nusu, bubu tangu 1964, na bado linazunguka.

Alhamisi, 20 Machi

Usiku na mchana vimelingana. Nimengoja usiku huu kwa ajili ya mkanda wa juu, kilomita 35,786, ambako setilaiti huzunguka sambamba na dunia, ikaonekana imesimama mahali pamoja. Kwetu, digrii tatu kusini ya ikweta, mkanda huo unapita karibu na utosi, toka upeo wa mashariki hadi wa magharibi. Wa Ulaya ya kaskazini wanautazama umeinama chini, kwenye hewa nzito. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma walilitambua hilo, wakaweka darubini za kufuatilia vifusi kwenye kituo cha Luigi Broglio, hapa hapa jirani.

Mkanda huu ni wa darubini kuliko rada. Rada hutuma mawimbi yake yaende na kurudi, hivyo umbali ukizidi mara mbili mwangwi unadhoofika mara 16. Darubini inaazima mwanga wa jua, safari ni ya kurudi tu, na hasara ni mara nne.

Nilizima mota. Anga ikaanza kuhama mbele ya kioo, digrii moja kwa kila dakika nne. Kwenye picha ya sekunde kumi kila nyota ilikuwa mstari mfupi, yote urefu mmoja na mwelekeo mmoja, kama mvua ya upepo. Katikati ya mistari hiyo mna nukta. Nukta ni setilaiti hai, injini zake ndogo zinaishikilia mahali pake. Halafu pembeni, ukikaza macho, kistari kilichoshika njia yake, kinapanda kaskazini. Huyo ni mfu. Setilaiti ikiishiwa mafuta, mwezi na jua huuvuta mzingo wake uiname mwaka hadi mwaka, mpaka digrii 15, kisha urudi. Kwa hiyo kila siku maiti hizi zinapanda na kushuka, zikikata njia ya zilizo hai.

Tuliielekeza darubini longitudo 60 mashariki, juu ya bahari yetu. Hapo ndipo ilipokuwa Intelsat 33e, iliyorushwa Agosti 2016 na kupasuka tarehe 19 Oktoba mwaka jana. Wamarekani walianza na vipande kama 20, wengine wakahesabu zaidi. Havikubaki pale, vimetawanyika mashariki na magharibi, na vingi ni hafifu mno kwa kioo changu cha sentimita 30. Lakini vipo, na vinahitaji macho makubwa zaidi yakiwa papa hapa, si kisiwani Tenerife peke yake, ambako sehemu hii ya mkanda iko chini kabisa, karibu na upeo.

Saa nne na nusu hivi nukta ziling'aa kuliko kawaida, kisha zikazimika, ya mashariki ikitangulia. Zimeingia kivulini. Zilirudi baada ya saa moja na ushei.

Jumamosi, 22 Machi

Mawingu. Nimefuta chumvi kwenye mirija na kupaka grisi.

Jumatano, 26 Machi

Usiku mzuri. Tumekwenda longitudo 75. Ikweta ya dunia si duara kamili, na kwa sababu hiyo kuna sehemu mbili ambako setilaiti zilizoachwa huvutwa na kuyumba huku na huku: moja longitudo 105 magharibi, nyingine hii, kusini ya Bara Hindi. Toka paani kwangu iko digrii 49 juu ya upeo wa bahari. Tumepata vistari vitatu kwenye eneo dogo tu, kimoja kikikaribia nukta hai hata mpwa wangu akashika pumzi, ingawa kwa kina vinaweza kuwa vimepishana kwa kilomita nyingi. Picha moja haitoi kina. Kina hutoka kwenye vipimo vya usiku mzima, au darubini mbili zilizo mbalimbali zikipima kwa wakati mmoja.

Mpwa amepima ncha mbili za kila kistari akizilinganisha na nyota za orodha ya Gaia. Anafanya vizuri kuliko mimi, mkono wake hautetemeki. Vitu kama 40,000 vinafuatiliwa leo duniani, na vya sentimita moja kwenda juu vinakadiriwa kupita milioni moja, karibu vyote bila mwangalizi. Nataka shule zetu za pwani zipate kamera na saa kama hizi. Lamu hadi Mtwara ni kilomita zaidi ya 800, umbali unaotosha kabisa kupata kina.

Nimemwandikia mwalimu wa fizikia aliyeko Lamu. Amesema kioo anacho, saa ya GPS hana. Nitampelekea ile ya akiba kabla masika hayajafunga anga, tuanze na kistari cha kati cha leo.