Mlimani na Bondeni

Mpwa wangu, ukisimama Shimo la Mungu pale Newala asubuhi, ukungu ukishatanzuka, unaliona bonde lote la Ruvuma limelala chini yako na ng'ambo yake Msumbiji. Nyinyi mnapapendea picha. Sisi, kuanzia Septemba 1964, tulikuwa tunapanda pale kusikiliza. Mlio wa mizinga ulifika umechoka, unausikia kifuani kabla haujafika masikioni, na wazee walibishana kama ni Mreno anapiga au anapigwa. Wakimbizi wa mwanzo walikwisha kuja tangu mauaji ya Mueda ya Juni 1960, lakini vita ilipoanza walivuka ukoo kwa ukoo, wenye nyuso zilizochanjwa chale nzito kuliko zetu, akina mama na ndonya zao mdomoni, wakisema Kimakonde kile kile ila kimekazwa kidogo. Walinuka moshi na tope la mto. Chilangala yetu haikuwa na cha kuwapa zaidi ya mihogo na kivuli cha mikorosho, na maji ndiyo yalikuwa shida kubwa, maana juu ya uwanda huu hakuna kijito. Yalivutwa kwa mashine kutoka bondeni yakauzwa kwenye kioski, debe moja senti kumi, ile sarafu ya mkoloni yenye tundu katikati. Bibi yako alizitunga sarafu zake kwenye uzi akauvaa kiunoni chini ya kanga, na mwaka ule uzi ulipungua mpaka ukabaki fundo. Hakulalamika mbele ya wageni. Alilalamika usiku, kwa babu yako, na sisi tuliokuwa hatujalala tulisikia yote.

Nilisoma Chidya, kwa Waanglikana, enzi Askofu wa Masasi akiwa Trevor Huddleston, yule Mwingereza mrefu mwembamba aliyewasumbua makaburu kule Sophiatown kabla ya kuwa askofu wetu mwaka 1960. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, Julai 1967, sikuwa mgeni wa habari za ukombozi, ila sikuwahi kuzisikia zikisemwa kwa sauti kubwa kiasi kile na watu walioshiba. Safari yenyewe ilikuwa ya meli kutoka Mtwara, maana barabara ya kuvuka Rufiji ikishanyeshewa haikuwa barabara tena. Tulilala sitahani juu ya magunia ya korosho, na harufu ile ya ganda la korosho iliyochanganyika na dizeli na ng'onda bado naijua hata leo nikifumbwa macho. Mlimani nikapewa kitanda chenye godoro, shuka mbili nyeupe, chakula mara tatu kwa siku na nyama ndani yake. Nikitaka kwenda mjini, basi la DMT senti hamsini, ile yenye sungura. Chapati Kariakoo senti ishirini, yenye mbuni. Utaona nakumbuka wanyama wa sarafu kuliko mihadhara. Nilizihesabu sana kuliko nilivyohudhuria.

Chuo kilikuwa kichanga. Kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 tu wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani miaka mitatu baadaye. Oktoba 1966, kabla sijafika, wanafunzi karibu 400 walifukuzwa na Mwalimu Nyerere kwa kuandamana kupinga JKT, jeshi la kujenga taifa, wakiwa wamevaa majoho yao mekundu. Kwa hiyo sifa ya kwanza niliyoikuta ni kwamba Mlimani ni zizi la watoto waliodeka. Miaka miwili haikupita sifa ikageuka upande wa pili kabisa. Ikawa Mlimani ni pango la wakomunisti na shule ya magaidi. Wareno walisema hivyo, makaburu wakasema hivyo, na baadhi ya wageni wenye suti waliokuja kukagua fedha zao walisema hivyo hivyo kwa lugha iliyopigwa pasi.

Sababu unaweza kuzitaja kwa majina. Walter Rodney, Mguyana, alikuwa anafundisha historia, na ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kulikuwa na kikundi cha wanafunzi, USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana mwembamba wa Ankole, macho makali, asiyejua kusema polepole: Yoweri Museveni. Baadaye kidogo akapita John Garang wa Sudan. Mtu wa kwetu alikaa nyuma akasikiliza. Eduardo Mondlane mwenyewe, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, alikuja kuzungumza, mpana wa mabega, mcheshi, na alivyosema Kiingereza ungedhani ni profesa kabla hujakumbuka kwamba kweli alikuwa profesa. Makaburu walimfukuza Witwatersrand mwaka 1949, akasoma Lisbon, akamaliza Oberlin kule Marekani, akachukua udaktari Northwestern na kufundisha Syracuse. Vyuo vitano, mpwa wangu, na kwa Mreno alikuwa gaidi mkuu. Sijasikia hata kimoja kikiombwa kijitetee. Waliobanwa ni wale wadogo. Ile taasisi ya FRELIMO ya kusomeshea vijana wa Msumbiji, pale Kurasini, iliyosimamiwa na mkewe Janet, ilianza kwa msaada wa Ford Foundation. Wareno wakapiga kelele, msaada ukakoma. Kurasini ilikuwa na madawati, chaki na watoto wa wakulima wanaofundishwa hesabu. Kelele ilitosha kuwaondolea daftari.

Serikali yetu nayo ilikuwa na miguu miwili. Iliwapa wapigania uhuru kambi, bandari na redio, lakini haikupenda wanafunzi waifundishe ujamaa. Desemba 1969 gazeti la The Nationalist lilimpiga Rodney tahariri ya kumwambia, kwa ufupi, apunguze maneno ya moto. Mhariri wa gazeti hilo alikuwa mtu wa Masasi, Benjamin Mkapa wa Lupaso, nami nilitembea siku nzima sijui nijivune au nijifiche. Novemba 1970 USARF ikapigwa marufuku pamoja na jarida lake, Cheche. Waliokuwa na nakala walizificha chini ya magodoro.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lenyewe. Museveni, akiwa bado mwanafunzi, alikwenda na wenzake kwenye maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado, yaani upande wa pili wa bonde hili letu, na aliporudi akaandika insha ya kuthibitisha nadharia ya Frantz Fanon kwamba mnyonge hupona unyonge wake kwa kutumia nguvu. Ilichapwa mwaka 1971 katika kitabu alichokihariri Nathan Shamuyarira, mwalimu wetu wa siasa kutoka Rhodesia. Humo anaeleza jinsi ilivyoonekana lazima kuwaonyesha wanakijiji vipande vya askari wa Kireno aliyelipuliwa na bomu, au bora zaidi kichwa chake, ili hofu ya mzungu iwatoke. Niliisoma mara mbili. Wenzangu waliisifu, na kama hoja imepangwa vizuri, sikatai. Lakini mimi nilikuwa nimetoka likizo Chilangala, na likizo ile nilimbeba mtu aliyelipuliwa.

Alikuwa mama mmoja wa bondeni, shangazi wa rafiki yangu, aliyeshuka kuchimba viazi pori karibu na mto akakanyaga bomu la Wareno lililofukiwa njiani. Tulimpandisha genge kwa machela ya miti miwili na kitenge, watu sita tukipokezana, tukamtafutia gari hadi Ndanda kwa masista wa Kibenediktini. Nitakwambia harufu maana ndiyo inayobaki: si damu, ni ile ya baruti iliyoingia kwenye nyama, tamu kidogo, na juu yake majani ya mnanaa aliyokuwa ameyafunga kwenye upindo wa kanga kabla ya yote. Njia nzima aliuliza viazi viko wapi. Mguu ulikatwa juu ya goti. Mume wake alimsubiri miezi miwili kisha akaoa Nanyamba. Basi niliporudi Mlimani nikakuta mjadala kama nguvu inatakasa, sikupinga kwa hoja. Sikuwa nayo. Niliona tu kwamba kilima kile kilikuwa kinapata sifa, mbaya kwa Wareno na nzuri kwa vijana wa dunia nzima, kutokana na vita ambayo gharama yake ililipwa huku, kwenye madebe ya maji na miguu ya watu, na hakuna aliyeniuliza habari za huku ingawa nilikaa meza moja nao. Nami sikulazimisha. Niliogopa kuonekana mtu wa nyuma.

Februari 3, 1969, Mondlane aliletewa kifurushi cha kitabu, akakifungua, kikamlipukia mikononi. Tulimzika Kinondoni, Mwalimu akiwepo, jua kali, watu wamejaa hadi barabarani. Wale waliokuwa wanatuita shule ya magaidi hawakulitumia neno hilo siku ile kwa waliotega kitabu. Hilo lilinikaa.

Mengine nitayapitisha haraka, maana yako vitabuni. Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda Januari 1971, Museveni akarudi Dar es Salaam, na Septemba 1972 akawa miongoni mwa walioivamia Uganda kutokea kwetu. Wakashindwa. Februari 1973 vijana waliohusishwa na kundi lake la FRONASA walipigwa risasi hadharani, kila mmoja wilayani kwao, wananchi wakiitwa watazame. Nilikuwa na rafiki Mganda tuliyemaliza naye Mlimani, mtu wa mashairi na mpira wa meza, asiyejua hata kufungua bunduki. Aliniandikia kwamba cheti chake amekizika kwenye shamba la migomba, kwa kuwa kukutwa na karatasi ya Dar es Salaam kulitosha. Hapo ndipo nilipoona sifa ya chuo inavyoweza kumfikia mtu. Ilimpita aliyetenda, ikambishia hodi huyu aliyekaa kimya nyumbani kwake. Mwaka 1986 mtenda mwenyewe akaapishwa kuwa rais, na Mlimani wakamtaja kwa fahari katika orodha ya waliopita pale. Msumbiji nako, mwaka 1976 chuo kikuu cha Lourenço Marques kilipewa jina la Eduardo Mondlane.

Usidhani nakusimulia ili nikwambie gaidi wa leo ni shujaa wa kesho. Hiyo ni kauli ya wavivu. Sisi wa huku tulikuwa na Nachingwea jirani, kambi kubwa ya FRELIMO, na mwaka 1975, uhuru ukiwa mlangoni, waliletwa pale Uria Simango, mchungaji aliyekuwa makamu wa Mondlane, na Padri Mateus Gwenjere, aliyewafundisha vijana wa Kurasini na kusimama nao walipogoma mwaka 1968. Walionyeshwa mbele ya wenzao kama wasaliti, Simango akasomeshwa ungamo refu, na baadaye wakauawa bila hakimu. Kijana wa lori aliyekuwa akipeleka unga kambini alitusimulia habari hizo Masasi mjini, kwenye kilabu cha uraka, kwa sauti ya chini, akiwa ameshika kibuyu bila kunywa. Hakuna chuo kilichochafuka kwa hilo, wala kilichoulizwa.

Ndiyo maana uliponijia mwaka 2015, wewe na shahada yako ya sheria ya Nairobi, sura imekushuka, sikukupa pole upesi. Alfajiri ya Aprili 2, watu wanne wa Al-Shabaab waliingia chuo cha Garissa wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi, wengi mabwenini. Siku tatu baadaye serikali ya Kenya ikatangaza kwamba mmoja wa wauaji ni Abdirahim Abdullahi, aliyemaliza sheria Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2013, mtoto wa chifu wa Mandera. Ukaniambia pale ulipoomba kazi wamekutazama kwa jicho la pembeni, na kwamba jina la chuo limeharibika. Nilikuelewa, nilimkumbuka Mganda wangu na migomba yake. Lakini nilikuuliza mambo mawili. La kwanza, yule chifu: baba mtu alikuwa amekwisha kwenda mwenyewe kwa wakubwa kuripoti kwamba mwanawe ametoweka na anamhofia. Katika wote waliotajwa juma lile, wahadhiri, mawaziri, wachambuzi, yeye ndiye niliyeona amefanya jambo kabla halijatokea, na magazeti yalimpa mistari michache. La pili, nilikuuliza wale waliopona Garissa wamepelekwa wapi. Hukujua. Ulijua kila kitu kilichosemwa juu ya chuo alikosoma muuaji, darasa lake, marafiki zake, suti alizopenda, na ulikuwa hujajishughulisha kujua juu ya chuo alikoua.

Walipelekwa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi, ambacho Garissa ilikuwa tawi lake, wakapewa vitanda kati ya wageni. Milango ya Garissa ilifunguliwa tena Januari 2016, na waliorudi walikuwa wachache, wengi wao wenyeji wa pale pale ambao hawakuwa na kwingine pa kusomea. Ukipata nafasi ya kwenda upande ule kikazi, pita, ule chakula kwenye mgahawa wao, uulize bei ya chai, kisha uniandikie.